Yule jamaa wa kiti kibovu
Wiki hii nakesha namsikiliza Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, kazaliwa Toronto 1932, na jamani huyu mtu alikuwa na vituko. Kiti chake kilikuwa kimoja tu, cha kukunja, babake alikikata miguu kikawa kifupi, akawa anasafiri nacho kila mahali mpaka pa kukalia pakaisha ikabaki fremu tupu na bado anakikalia! Anakaa chini mpaka pua inakaribia kugusa kibodi, halafu anaimba. Vaa hedifoni usikilize rekodi yake ya 1955 ya Goldberg Variations, kazi ya Bach, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani wa zamani, kuna mtu anaguna humo ndani, mi mwanzo nilidhani ni jirani.

Hiyo ndo ilimtoa, ana miaka 22. Afu 1964, miaka 31 tu, akaacha kabisa kupiga mbele ya watu, akajifungia studio kurekodi, kukata na kuunga vipande vya tepu. Wengi walimshangaa, mi namuelewa. 1981 akarekodi upya kazi ileile, safari hii mwanzo wake taratiiibu, mwaka uliofuata kiharusi kikamchukua akiwa na 50. Mi hiyo ya pili ndo siichoki.