Nilisema "kidogo"

Siku ya sita leo na neno lile halijanitoka. Nikiosha uso nalisikia, nikipanda daladala ya kuteremka mjini nalisikia. Mama wa rafiki yangu, kule Kibosho, mlimani juu ya Moshi, amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, ananiambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, si ulisema tumbo linasumbua kidogo? Ndiyo maana nikaweka kidogo."

Kijiko kimoja cha unga wa ngano, cha kufanya mchuzi uwe mzito. Mchuzi wa kuku wa kienyeji aliyechinjwa kwa ajili yangu.

Semina ilikuwa Moshi mjini, na rafiki yangu asingekubali nilale gesti wakati kwao ni palepale juu. Nimefika Jumapili jioni, nimetoa shikamoo, nimepokelewa begi, na kabla sijakaa mama akaniuliza kuna nini nisichokula. Aliuliza! Wangapi huuliza? Mlango ulikuwa wazi kabisa, nami nikajibu, "Ngano tu mama, tumbo linasumbua kidogo."

Mimi huyu, ninayekataa chipsi kwa sababu mafuta yake yamekaangiwa sambusa. Niliyemeza vidonge vya kuongeza damu miaka mingi, nikapewa dawa za minyoo sijui mara ngapi, mpaka kipimo cha damu na ile kamera ya tumboni vikasema siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano. Nimeuchukua ugonjwa mzima nikaukunja ukawa "kidogo", kwa sababu niliona haya kuwa mgeni anayeingia na masharti.

Baada ya kula nilipeleka vyombo jikoni. Pakiti ya ngano ilikuwa mezani, imefunguliwa, kijiko kimesimama katikati ya unga. Nikauliza. Akajibu hivyo nilivyowaambia. Na mimi nikacheka, nikasema, "Haina shida mama." Hapo ndipo panaponiuma kuliko usiku uliofuata, ingawa usiku ule tumbo lilijaa kama ngoma na njia ya chooni niliijua gizani bila tochi. Yeye alinisikia sawasawa. Alipika kile nilichomwambia.

Jumatatu semina nilihudhuria kwa maji ya moto na ndizi mbivu. 

Jumanne alfajiri mama aligonga mlango. Alikuwa amenisikia usiku wote wa kuamkia Jumatatu na ule uliofuata. Akakaa ukingoni mwa kitanda, khanga mabegani, akasema, "Sasa niambie ukweli. Ni aleji, au ni ugonjwa?"

Nikamwambia ni ugonjwa. Nilichukua taulo langu nikampa alipapase: utumbo mwembamba kwa ndani uko hivi, una vinyweleo vidogo vidogo vinavyonyonya chakula. Mtu kama mimi akila gluteni, ile iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Vinyweleo vinalala, utumbo unabaki laini kama turubai, na unachokula kinapita tu. Dawa ya kuponya hakuna, ni kuacha kabisa maisha yote.

Alikaa kimya, vidole bado kwenye taulo. Kisha akasema, "Kama mgomba ulioingiwa na fukusi. Unaweka samadi, unaweka maji, chini tunguu limeliwa. Hauneemeki."

Miaka yote ninatafuta mfano, na mfano ulikuwa nyuma ya nyumba yake.

Nikamsimulia na habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alishaanza kuishuku ngano kabla, lakini njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944–45, mkate ulipokosekana, ndiyo iliyomwonyesha: watoto wenye siliaki walipata nafuu wakati wenzao wanadhoofika, na mkate uliporudi wakaumwa tena. Mama aliniuliza mara mbili, "Walipona kwenye njaa?" Akajifuta macho kwa pindo la khanga. Nadhani alikuwa anawafikiria mama zao.

Halafu akainuka, na hapo jiko likabadilika. Aliisoma pakiti ya uji wa lishe aliokuwa amepanga kunipikia: mahindi, ulezi, soya, ngano. Akaiweka juu kabisa ya kabati. Akatoa ulezi aliokuwa ameuweka wa mbege, ile pombe ya Kichagga, akaupepeta kwenye ungo pale mlangoni, anainamia karibu kabisa, anatoa punje moja moja asiyoijua. Mashineni alimwambia kijana asage kwanza mahindi debe moja, hayo wale kuku, ndipo asage ulezi, maana watu husagisha ngano pale. Hilo la mashine sikumfundisha mimi. Aliwaza mwenyewe. Mwiko akanunua mpya.

Jioni jirani alikuja na maandazi ya kumkaribisha mgeni. Kabla sijafungua mdomo, mama akamweleza kwa Kichagga, nami nikaambulia "ngano" tu na mkono wake unaokata hewa. Kisha kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Huyu hata chembe. Haringi, ni mgonjwa." Jirani akanipa pole, akarudi na mkungu wa ndizi.

Mama, ni ugonjwa, hata chembe siruhusiwi. Maneno sita. Nimeyahesabu kwa vidole tangu tulipotoka stendi asubuhi, na kila nikiyamaliza namwona yule kuku.

Niko kwenye basi la kurudi Dar, tumeshapita Same. Miguuni nina hotpoti ya kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, imefungwa kwa khanga mafundo mawili. Alinikataza kula chochote cha njiani mpaka nifike.