Usiku tulioangalia Tsotsi na mjomba

Ilikuwa 2007 kama sikosei, Tsotsi, filamu ya Afrika Kusini, ishachukua Oscar mwaka uliotangulia, ile ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na sisi pale Keko, Dar, tukaipata kwa dividii ya kuazima. Sebule ilijaa, watoto wa pale nyumbani na wa jirani, na mjomba alikuwepo, hana muda mrefu katoka jela, haongei sana, na mtaani bado kuna watu walikuwa wakimwona tu wanabadilisha njia. Mi kazi yangu kusoma yale maandishi ya chini na kuwaambia wengine kwa Kiswahili, maana mule ni Kizulu na Kitsotsi, lugha ya vijana wa mitaani kule, mwanzo mwisho.

Mwanzoni watu wanashangilia tu. Kijana wa uswahilini Johannesburg ana genge lake, wanaua mzee wa watu ndani ya treni, halafu anampiga risasi dada mmoja getini kwake anaondoka na gari, kumbe siti ya nyuma kuna kichanga. Hapo sebule ikatulia. Anakibeba kwenye mfuko wa karatasi, anakivisha gazeti badala ya nepi, anakipa maziwa ya kopo yale mazito yenye sukari, halafu anatoka zake na akirudi sisimizi wamejaa usoni kwa mtoto hadi mdomoni. Mjomba aliruka kwenye kiti, "Mfute! Mfute haraka we mtoto!" na hakuna aliyecheka.

Yani hiyo filamu naipenda kwa sababu hakuna mahubiri yanayombadilisha. Boston, yule mwenzake aliyesomea ualimu, alimuuliza habari za utu, alichoambulia ni kipigo mpaka uso ukavimba wote. Kilichomgusa ni mtoto analia njaa na yeye hana cha kumpa, ndo anaenda kwa Miriam mwenye mtoto mchanga, na hata huko anaenda na bastola anamlazimisha anyonyeshe. Mwongozaji Gavin Hood hakumgeuza malaika hata kidogo, jamaa anarudi kuiba nyumba ileile ya wazazi wa mtoto, ila safari hii wenzake wanatafuta vya kuuza na yeye yuko chumba cha mtoto anakusanya vitu vya mtoto. Mtu anabadilika huku bado ni jambazi, na mi naamini ndo inavyokuwaga kweli.

Mwisho kavaa shati jeupe, kamrudisha mtoto, polisi wamemwelekezea silaha, mikono juu, basi, imeisha. Kelele! Tukagundua mule kwenye dividii kuna miisho mingine waliyoshuti wakaiacha, mmoja anauawa, mwingine anatoroka, tukaiangalia yote. Vijana wote wanataka atoroke. Mama akasema bora angekufa tu apumzike.

Mjomba akakataa. "Hapana dada. Akifa mtamlilia mmemaliza, akikimbia kesho yuko na walewale. Hapo mikono juu ndo shughuli inaanza, akitoka huko atalala wapi, nani atampa kazi?"

Mama akamwangalia, na toka arudi hakuna aliyekuwa amemuuliza hivi, "Na wewe unataka kazi gani?"

Akasema udereva, ila leseni ilishaisha. Wakaanza kupiga hesabu ya hela ya leseni na nani mtaani ana daladala inayotafuta deiwaka, sisi tukaambiwa tuzime deki tukalale.