Nilivyohamisha desktopu yangu ya maji kutoka Nakuru mpaka Kisumu

Wiki mbili zilizopita nilihama Nakuru, nilikuwa nakaa Section 58, nikaja huku Mamboleo kwa sababu ya kazi, na katika vitu vyote vya nyumba kilichoninyima usingizi ni kompyuta. Ni ile inayopozwa na maji, mfumo uliofungwa kiwandani, pampu imekaa juu ya prosesa na mipira miwili inapanda hadi kwenye rejeta juu ya kasha. Kila niliyemwambia aliuliza swali lile lile, sasa maji hayatamwagika?

Wacha niseme ukweli, maji siyo ya kuogopwa sana. Mfumo wa kiwandani haufunguliwi na haumwagwi maji ndio usafiri, na mipira yake inavumilia barabara vizuri tu. Kinachoua mashine njiani ni uzito wa kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwa skrini, halafu kioo cha pembeni. Hili nalijua kwa uchungu kwa sababu mwaka juzi nilihama kutoka Lanet na pikapu, nikaisimamisha kompyuta vile ilivyokuwa kwa meza, tuta baada ya tuta, kufika nikakuta kadi imening'inia na sloti yake, pale inapochomekwa kwa madabodi, ile bodi kuu, imepasuka. Kadi ilipona, lakini ile sloti ilikufa, mpaka leo natumia ya pili.

Safari hii nilianza na kuhifadhi kazi zangu zote kwa diski ya nje, nikapiga picha kila waya mahali ulipo, kisha nikatoa kadi. Unafungua skrubu za nyuma, unachomoa waya za umeme, halafu kuna kale kakufuli kadogo mwisho wa sloti, hako ndiko watu wanasahau, ukikabonyeza unasikia tak, na kabla ya hiyo tak usivute hata kidogo. Nikairudisha kwa ule mfuko wake wa rangi ya fedha unaozuia umeme tuli, nikaiweka kwa katoni katikati ya taulo. Kioo nikakitoa nikakifunga na blanketi peke yake. Pampu sikuigusa. Hapo sisi wa maji tuna afadhali, kwa sababu wenye feni kubwa la chuma juu ya prosesa inabidi walitoe nalo, lina uzito wa kuvuta bodi.

Kama wewe umejifungia mfumo wako mwenyewe, na tangi na mabomba magumu, hesabu yako ni tofauti. Kwa gari dogo, ikiwa wima na dere anaenda polepole, inaweza kusafiri na maji yake. Ukituma kama mzigo mwaga yote, na ukijaza tena washa pampu peke yake kwanza, umezungushia tishu kila kiungo, kabla hujapea madabodi umeme. Na tafadhali usinunue tu maji ya betri pale petrol stesheni ukamimina, soma chupa, zingine ni asidi.

Nilikodi Probox. Dere alikuwa na gunia la viazi na akataka kupanga vitu vyake kwanza, nikamwambia, "Dere, hii haiwezi kukaa chini ya kitu, wacha nilipie hicho kiti cha nyuma." Akakubali. Nikailaza juu ya godoro dogo, bodi ikiangalia juu, nikaifunika shuka nikaifunga na mshipi wa kiti.

Kuna jambo moja la hii barabara yetu ambalo nadhani wengi hawalifikirii. Mau Summit ni baridi kabisa, Kericho tukapata mvua, halafu unateremka mpaka Ahero unaingia kwa joto na unyevu wa ziwa. Chuma kilichopoa ukikiingiza kwa hewa ya aina hiyo kinatoa jasho, kama chupa ya soda ikitoka kwa friji, na jasho hilo liko juu ya bodi. Kijana wa jirani aliyenisaidia kubeba aliniuliza, "Bro, si tuwashe tuone?" Nikamwambia hapana, kesho. Nikaisimamisha wima usiku mzima, ikauke, na hewa iliyo ndani ya maji ipande juu kwa rejeta isibaki kwa pampu.

Asubuhi nikapitisha tishu nyeupe kwenye maungio ya mipira, ikatoka kavu. Nikarudisha kadi, nikawasha. Pampu ikaguguma kama mtu anayesukutua mdomo, nikasimama hapo mkono kwa swichi, ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Joto la prosesa ikiwa imetulia ni digrii 41, Nakuru ilikuwa 35, na hiyo ni hewa ya Kisumu tu kwa sababu maji hayawezi kupoa kushinda chumba yalimo. Nimeisogeza karibu na dirisha.