Pini ya chini, gurudumu la kushoto

Harufu ilitufikia tulipoiacha Soni nyuma, ile harufu kali ya breki inayoungua ambayo ukishaisikia mara moja huwezi kuisahau. Ilikuwa masika ya 2014. Nilikuwa naendesha pikapu ya mjomba, Isuzu, imejaa kabichi za Lushoto hadi juu ya kingo za bodi, safari ya Dar es Salaam. Barabara ya Lushoto kwenda Mombo ni kilomita 33 hivi, lakini ni kona juu ya kona, na karibu yote ni mteremko.

Tangu asubuhi gari lilikuwa linavuta upande kila nikigusa breki. Nilidhani ni upepo wa tairi. Sasa kanyagio likaanza kuzama chini kuliko kawaida.

"Shusha gia, mjomba," mjomba aliniambia kwa sauti ya chini. Sisi tunaitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake. "Usikanyage tena. Shusha hadi namba moja."

Niliegesha penye upana kidogo, gari likiwa linashikiliwa na injini na breki ya mkono. Utingo alikwisha kuweka mawe nyuma ya tairi na mbele, na sasa alikuwa anakimbia na dumu la maji. Mjomba akamzuia. Diski iliyowaka namna ile ukiimwagia maji ya baridi inaweza kupasuka au kupinda. Tukakaa zaidi ya saa moja. Nilisogeza kiganja karibu na ringi ya kulia: vuguvugu. Ya kushoto sikuweza hata kuikaribia.

Breki ilipopoa kanyagio likarudi juu. Oili ya breki hunyonya unyevu kadiri inavyozeeka, nayo ikipata joto la kutosha huchemka, na mapovu yake ndiyo yanayofanya mguu uzame. Tulifika Mombo kwa gia ya kwanza, polepole, na sikumbuki kama mimi na mjomba tuliongea neno.

Fundi alikuwa chini ya mwarobaini, mzee mwenye mikono mikubwa. Alipiga jeki, akatoa gurudumu, akafungua boliti za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, na kuifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa mpira unaopitisha oili ya breki. Kisha akanipa pedi mbili nishike. Ya nje ilikuwa nene, karibu kama ilivyotoka dukani. Ya ndani ilikuwa imekwisha hadi bati.

"Unaona?" akasema. "Hii kalipa ilikuwa haitembei."

Ndivyo kalipa za namna hii zilivyo. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani. Inasukuma pedi yake mpaka igonge diski, halafu kalipa nzima inateleza kurudi upande wa pili na kuivuta pedi ya nje ije kubana. Kuteleza huko kunabebwa na pini mbili zisizozidi kidole. Zikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi ya mbili, na ukiachia mguu breki haiachii vizuri. Gurudumu linazunguka likiwa bado limebanwa, kilomita baada ya kilomita.

Pini ya juu ilitoka kwa mkono. Ya chini ilibidi aizungushe kwa plaizi, apulizie mafuta ya kulegeza kutu, angoje, azungushe tena. Ilipotoka ilikuwa na utando mweusi kama lami, na kile kimpira cha kuzuia vumbi kilikuwa kimevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai.

"Nani alipaka grisi hii?"

Mjomba aliniangalia. Yeye alijua, maana miezi minne nyuma alinituma nibadilishe pedi, nami nikajivunia kwamba nimemaliza kabla ya adhuhuri.

"Mimi," nikasema. "Ni ile ya beringi."

Fundi hakunigombeza. Alinieleza kwamba grisi ya beringi imetengenezwa kwa mafuta yanayotokana na mafuta ghafi, nayo huvimbisha mpira wa breki. Mpira ukivimba unaishika pini, ukilegea unaachia maji na matope. Alipangusa tundu kwa kitambaa alichokizungushia kijiti, akasugua pini kwa msasa laini, akaipitisha ukucha kutafuta mashimo ya kutu. Hakukuwa na shimo. Kama lingekuwepo, alisema, pini hiyo ni ya kutupa.

Vipira, pedi na oili mpya vilifuatwa Korogwe kwa basi. Kabichi nyingine tukaziuza palepale barabarani kwa bei ya hasara. Vitu vilipofika fundi alitoa kitubu cha grisi ya silikoni, akapaka utando mwembamba tu. Ukijaza tundu, grisi na hewa hukosa pa kwenda na pini inarudi yenyewe. Alipoisukuma alikibinya kile kipira ili hewa itoke. Akanionya pia nisichanganye pini, kwa sababu kwenye gari lile moja ilikuwa na kipira nchani na nyingine haina.

Upande wa kulia aliniachia mimi. Utingo alinishikia tochi, fundi akakaa kwenye ndoo akitazama. Nilifanya taratibu kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote. Mwisho nikaisukuma pini kwa vidole viwili, ikaingia, nikaivuta, ikatoka. Tukatoa upepo kwenye mabomba ya breki, nikapampu kanyagio mpaka likawa gumu kabla gurudumu halijasogea.

Segera tulisimama usiku. Nilizunguka gari, nikaweka mgongo wa mkono karibu na ringi ya kulia, nikaenda ya kushoto, nikarudi tena ya kulia.

"Vipi, mjomba?" aliuliza kutoka dirishani.

"Zimelingana, mjomba."