Kabla hujajaza fomu soma masomo ya mwaka wa tatu

Ukiwa mwaka wa mwisho sekondari kila mtu mzima unaekutana nae ana maswali mawili tu, unaenda kusoma nini, na chuo gani. Mi nshachoka kujibu "bado nafikiria" maana ukisema hivo wanakuangalia kama umeshafeli tayari, kwa hiyo siku hizi nasema famasia, wanafurahi, maongezi yanaisha. Na sio uongo kabisa, famasia ipo kwenye listi. Ila ipo pia biokemia, ipo sayansi ya kompyuta, na kuna kipindi nlishikwa sana na usanifu majengo kwa sababu napenda kuchora.

Sasa kitu nnachofanya siku hizi na sioni wenzangu wakikifanya ni kusoma mitaala. Sio ule ukurasa wa mbele wa tovuti ya chuo wenye picha ya wanafunzi wanacheka kwenye majani (hawa watu hawana vipindi?), nashuka chini kabisa mpaka nipate orodha ya masomo mwaka kwa mwaka, semesta kwa semesta. Mwaka wa kwanza naupita haraka, kozi nyingi za sayansi mwaka wa kwanza zinafanana tu, hesabu, kemia, utangulizi wa hiki na utangulizi wa kile. Mwaka wa tatu ndo unaona kozi yenyewe inahusu nini. Kuchagua kwa jina la kozi ni kama kununua kiatu kwa kuangalia boksi.

Chukua saikolojia. Watu kibao wanaitaka kwa sababu ni wasikilizaji wazuri, marafiki wanawapigia usiku wa manane kuwamwagia matatizo ya mapenzi, basi wanaona wito ndo huo. Fungua mtaala sasa. Takwimu, mbinu za utafiti, takwimu tena, kuandika ripoti za majaribio. Na ukimaliza digrii ya kwanza bado huwi mtu wa kutibu watu, sehemu nyingi una miaka mingine ya kusoma mbele yako. Uchumi nao hivo hivo, unaingia ukidhani mtakaa kujadili habari za dunia, unakuta kalkulasi na ekonometria, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi. Astronomia ni fizikia na hesabu, nyota zenyewe utaziona kwenye data kuliko angani. Uuguzi naona ndo kinyume chake, watu wanafikiri ni kozi ya darasani kumbe nusu yake wodini, kwa nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka masaa yasiyopungua 4,600 ya mafunzo na angalau nusu yake yawe ya vitendo na wagonjwa. Kama huwezi kukaa na mgonjwa anaekusema vibaya saa kumi usiku ni bora ujue mapema.

Halafu sayansi ya kompyuta, hii ndo inaniumiza kichwa. Wale wa magemu na wale wanaorekebisha simu za ukoo mzima wanadhani ni yao moja kwa moja, wanafika wanakutana na hesabu za diskriti, aljebra ya mstari, na nadharia ya ukokotozi ambapo mnakaa na kalamu na karatasi mnathibitisha kwamba kuna maswali ambayo hamna kompyuta itakayoweza kuyajibu, hata uisubiri milele. Mwanahisabati Alan Turing alithibitisha hilo 1936, kabla hizi kompyuta za kielektroniki hazijatengenezwa! Mi niliposoma hapo nikasisimka, nikamwonesha rafiki yangu ambae ndoto yake ni kutengeneza apu, akasoma mistari mitatu akarudisha simu. Sio kwamba hana akili, yule ni mkali kuliko mimi kwenye kukoding, ila anachotaka yeye kipo zaidi kwenye uhandisi wa programu na mimi nnachotaka kipo kwenye ile karatasi. Na kozi zote mbili watu wanaziita "IT" tu.

Haya, tuseme umesoma mtaala umeupenda. Linakuja la chuo, na hapa nimegundua kwamba lile swali la tuchague chuo kwanza au kozi kwanza halina jibu moja, inategemea unaomba nchi gani, na hakuna mtu alietuambia.

Uingereza kozi ndo inatangulia. Unaomba kupitia UCAS, yaani mfumo mmoja wa maombi ya vyuo vya huko, una machaguo 5, na yale maelezo yako binafsi unaandika mara moja tu yanaenda kote, hayazidi herufi 4,000 ukihesabu na nafasi, na kuanzia wanaoanza chuo 2026 yamegawanywa kwenye maswali matatu. Maana yake huwezi kujinadi chuo kimoja kama mwanasheria na kingine kama mhandisi, wote wanasoma kitu kimoja. Udaktari wa binadamu unaruhusiwa machaguo 4 tu kati ya yale 5, Oxford na Cambridge huwezi kuomba vyote viwili kwa mwaka mmoja, na kwa hivo vyuo viwili pamoja na udaktari fomu zinafungwa 15 Oktoba wakati wengine bado wana miezi. Kwa hiyo huko ukiwa na miaka 17 unatakiwa uwe unajua.

Marekani unaingia chuo kwanza, kozi unakuja kuitangaza baadae, vyuo vingi ni mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Chuo cha MIT wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wanaingia bila kozi wanaichagua mwaka ukiisha. Chuo cha Brown toka 1969 hawana masomo ya lazima kwa kila mtu, unapanga mwenyewe ilimradi utimize ya kozi yako. Inasikika raha mpaka usome maandishi madogo, maana kwenye vyuo vingi vikubwa huo uhuru hauhusu uhandisi, uuguzi na saa ingine kompyuta. Hizo unaombea moja kwa moja, na ukiingia kwa mlango mwingine ukasema utahamia huko ndani unaweza kukuta nafasi ni za kugombania na wanataka wastani wa juu kweli kweli. Yaani yule aliejaza "sijaamua" na yule aliejaza "uhandisi" wako bweni moja ila hawana njia sawa.

Na udaktari sasa! Shangazi anavosema "soma udaktari" anadhani ni kitu kimoja dunia nzima. Uingereza unatoka sekondari unaingia moja kwa moja miaka 5 au 6. Marekani kwa kawaida unasoma kwanza digrii ya miaka 4 ya kitu chochote, hata historia, ilimradi upige biolojia, kemia na fizikia wanazotaka, unafanya MCAT, mtihani wa kuingia shule ya udaktari, halafu ndo miaka 4 ya shule ya udaktari, na mafunzo ya hospitali yanafuata. Sheria nayo, Uingereza ni digrii ya kwanza, Marekani ni miaka 3 juu ya digrii uliyonayo. Kwa hiyo mtu wa miaka 17 anaetaka kua daktari Marekani hachagui udaktari kabisa, anachagua kitu atakachoweza kukaa nacho miaka minne hata kama udaktari usipotokea.

Hii ndo imenifanya nibadilishe swali. Kila chuo nnachosoma siulizi tena kipo namba ngapi, nauliza nikibadilisha mawazo mwaka wa pili itanigharimu nini. Mwalimu mmoja aliposikia akasema mtu mwenye malengo hawazi kubadilisha, nikamwitikia kwa heshima ila sikubaliani nae. Mi nimesoma kemia ya sekondari, famakolojia, yaani dawa zinavofanya kazi mwilini, sijawahi kuisoma hata siku moja, ntajuaje kama ntaipenda? Sasa cha kuangalia ni kama masomo ya mwaka wa kwanza yanahesabika ukihamia kozi nyingine au unaanza upya, wanataka wastani gani ili uhame, na hili la mwisho watu wanalisahau kabisa, kama ufadhili unakufuata wewe au unaifuata kozi. Kuna ufadhili ukibadilisha kozi unaisha hapo hapo. Mtu anabaki kwenye kozi anayoichukia miaka miwili mizima kwa sababu ada imefungwa kwenye jina la kozi, na kutoka nje anaonekana ana bahati.

Kuhusu hizo namba za ubora wa vyuo, nlikua nazifuata sana mpaka nikasoma zinavotengenezwa. Ile orodha ya Shanghai iliyoanza 2003, asilimia 30 ya alama inatoka kwenye tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hesabu), 10 za waliosoma pale na 20 za wanaofanya kazi pale, zilizobaki nyingi ni idadi ya makala za utafiti na wanaonukuliwa sana. Hamna sehemu wanapima kama mhadhiri anaeleweka. Sisemi ni takataka, kama unaenda kufanya utafiti zina maana yake, ila mimi naenda kukaa kwenye ukumbi na watu mia tatu nikifundishwa kemia ogania, na yule profesa mwenye Nobel huenda nisimuone hata kwenye korido.

Kitu kingine cha haraka haraka, kama kozi yako ina bodi inayosajili watu wa fani hiyo, yaani famasia, uhandisi, uuguzi, sheria, angalia bodi ya pale unapotaka kufanyia kazi inaitambua digrii ya chuo hicho. Wahandisi wana Mkataba wa Washington wa 1989 ambao nchi wanachama zinatambuana digrii, fani zingine hazina bahati hiyo. Usimuulize chuo, iulize bodi. Na masomo unayoyaacha sasa hivi sekondari yanafunga milango kimya kimya, ukiacha kemia udaktari unakua mgumu sana, ukiacha hesabu basi uhandisi, fizikia, kompyuta na uchumi wa vyuo vingi vimeondoka na hamna mtu atakaekupigia simu kukwambia.

Kujaribu ni bure lakini. MIT walitangaza toka 2001 kwamba wanaweka masomo yao kwenye intaneti bila malipo na leo yapo mengi tu, mihadhara, mazoezi, mitihani ya nyuma. Ila nakushauri uache video ufanye mazoezi. Video inaweza kukufanya uipende kozi kwa sababu mwalimu anachekesha, au uichukie kwa sababu ana sauti ya usingizi, na vyote hivyo havihusiani na wewe. Nlichukua zoezi la biokemia nikakaa nalo jioni nzima, sikumaliza, nlipata kama nusu, ila sikuangalia simu. Nikachukua la kuchora mipango ya jengo nikawa kila baada ya muda naenda kunywa maji. Usanifu majengo ukatoka kwenye listi siku hiyo, na nlivokuja kusoma kwamba Uingereza mpaka uitwe msanifu unahesabu kama miaka saba pamoja na mafunzo kazini sikuhuzunika kabisa.

Na kuuliza watu, uliza waliopo mwaka wa tatu na ukipata waliohama kozi ndo dhahabu. Wale vijana wa kutembeza wageni siku ya maonesho ya chuo kila kitu kwao ni kizuri, wamewekwa pale kwa kazi hiyo. Usiulize "kozi nzuri?" maana utajibiwa "ngumu ila nzuri", wote wanajibu hivo sijui wanafundishwa wapi. Uliza "jana ulifanya nini toka asubuhi mpaka usiku?" Mmoja wa famasia aliniambia jana yake alikua maabara masaa manne halafu akakariri majina ya dawa na jinsi zinavogombana mwilini mpaka usiku. Mi kukariri naweza, swali ni kama nataka.

Nyumbani sasa. Mama hana neno, anataka tu nisiende mbali. Baba ndo ana swali lake, kila kozi nikitaja anauliza "ukimaliza unaitwa nani?" Famasia unaitwa mfamasia, limepita. Biokemia? Nikasema mwanabiokemia, akanyamaza akauliza huyo anakaa ofisi gani. Mwanzoni nlichukia ila nimekuja kuona swali lake sio la kizamani kama nlivodhani, anachouliza kweli ni kama kuna kazi inayomsubiri mtu mwenye cheti hicho au itabidi mtu ajitafutie mwenyewe, na biokemia ni kweli ni ya kujitafutia, wengi wanaendelea na digrii ya pili au wanaingia kwenye maabara na viwanda vya dawa. Famasia njia imechorwa. Nikamwambia hivo hivo bila kupamba, tukafungua mitaala yote miwili tukaiweka pamoja mezani, tukakuta kemia ogania, fiziolojia na mikrobiolojia zipo kote kote, yaani mwaka wa kwanza mzima na sehemu ya mwaka wa pili unaweza kua bado hujafunga mlango wowote, kwenye vyuo vinavoruhusu kuhama. Hivo vyuo vimebaki vichache kwenye listi yangu na ndo ntaviandikia wiki hii kuuliza habari za ufadhili.

Baba kaniomba nimprintie mitaala yote miwili aende nayo kazini, kuna mwenzake mtoto wake kasoma famasia akahama. Nimeprinti, na pembeni nimemwandikia maswali ya kumuuliza, la kwanza ni alifanya nini jana.