Nilivyopotea Dodoma

Jana asubuhi nilikuwa na kikao Mji wa Serikali, Mtumba. Nimekuja kikazi kutoka Mombasa, na hiyo ilikuwa siku yangu ya pili Tanzania. Nikasema nipande daladala kama wenyeji, kwani kwetu si matatu kila siku? Pale Sabasaba konda akanihimiza, "Panda, panda, tunaondoka!" Nikapanda.

Mtumba iko mashariki, kama kilomita 17 kutoka mjini, njia ya Dar es Salaam. Jua la saa mbili lilipaswa kunipiga usoni. Lilikuwa linanichoma kisogo. Moyo ukaanza kwenda mbio.

Mama niliyekaa naye alikuwa amepakata beseni la zabibu, limefunikwa kitenge kilicholoweshwa maji. Akaniona ninavyochungulia dirishani.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Shikamoo mama. Mtumba."

"Marahaba. Mbona hii ya Nkuhungu?" Akapaza sauti, "Konda, shusha!"

Akashuka na mimi, na kituo chake kilikuwa bado. Akanivusha barabara, akasimamisha gari la kurudi mjini, akamwagiza konda anishushe wapi na anionyeshe gari lipi la kuunganisha. Kisha akanitia mkononi kishada cha zabibu. Pesa alikataa katakata.

Kikaoni nilifika nimechelewa dakika 40, nikaomba radhi, wakanipokea vizuri tu. Ila yule mama sikumuuliza hata jina, na hilo linaniuma mpaka sasa. Kesho kutwa narudi Mombasa. Kesho jioni nitapita kituo kile, huenda nikamkuta.