Milioni Mbili na Laki Saba

Jumatano ya tarehe 19 Julai 2017 nilikuwa nimebakiwa na siku moja tu kuwasilisha ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi Juni kwa duka la jumla la vitenge nililokuwa nikilifanyia hesabu Kariakoo, kwa kuwa mwisho wa ritani hizo ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na daftari langu la mauzo lilikuwa limegoma kupatana na ripoti za Z, yaani majumuisho ya mauzo ya kila siku, za mashine ya EFD inayotoa risiti za kielektroniki. Daftari lilipungua kwa shilingi 2,700,000 kabla ya kodi. Kwa asilimia 18, hiyo ni kodi ya shilingi 486,000 ambayo tungekuwa hatujaitaja, na mwenye duka hakuwa mtu wa kupelekewa habari za faini.

Meza yangu ilikuwa ghorofani, dirisha likitazama Mtaa wa Msimbazi. Chini yake alisimama kijana muuza dawa za wadudu, na kipaza sauti chake kilikuwa kikirudia maneno yale yale tangu saa mbili asubuhi: panya, mende, kunguni, viroboto, panya, mende, kunguni, viroboto. Kila niliposhindwa nilimlaumu yeye. Nilifunga dirisha, hewa ikawa nzito, nikalifungua tena.

Ukweli ni kwamba kijana yule hakuninyanyua kitini hata mara moja. Walioninyanyua ni dada wa kaunta aliyetafuta chenji, dereva aliyetaka vocha yake ya mafuta isainiwe, na bosi aliyepiga simu kuuliza nimefika wapi, na kila mmoja alianza kwa "Mhasibu, dakika moja tu." Usumbufu uliobaki niliutengeneza mwenyewe, maana simu ilipokaa kimya niliichukua kuangalia kwa nini iko kimya, na ikishakuwa mkononi nilijikuta nikisoma kundi la michango ya harusi ya binamu yangu. Kila niliporudi kwenye ripoti sikukumbuka nimeishia tarehe ngapi, nikaanza upya tarehe mosi. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeipitia wiki ya kwanza ya Juni mara tano, na ya mwisho sijaigusa.

Baada ya chakula nilimwachia dada wa kaunta simu, nikamwomba anayeniulizia aambiwe nimetoka. Nilichukua ripoti zote 24, rula na penseli, nikaenda stoo ya nyuma na kuketi juu ya robota la vitenge. Panya, mende, kunguni zilisikika huko vilevile. Robo saa ya kwanza mkono wangu ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Kisha rula ikaanza kushuka mstari baada ya mstari, na mahali fulani katikati ya ukurasa nikamkumbuka mhasibu mzee aliyenifundisha kazi: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Nikagawanya 2,700,000 kwa tisa, nikapata 300,000 kamili. Kanuni hiyo nilikuwa naijua kwa miaka mingi. Asubuhi nzima haikupata upenyo wa kunijia.

Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha hata pa kutazama. Ile 300,000 ilimaanisha tarakimu ya mamilioni na jirani yake ya malaki zimepishana kwa tatu, hivyo sikuwa na haja ya kujumlisha tena chochote, bali kushusha macho kwenye safu mbili tu. Tarehe 24 Juni, Jumamosi ya pilikapilika za Idi, ripoti ya Z ilisema 14,100,000. Daftari lilisema 11,400,000, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ulionyooka na kujiamini kabisa.

Nilisahihisha, kisha sikuinuka. Niliendelea na risiti za manunuzi, kazi niliyokuwa nikiikwepa wiki nzima, na adhana ya alasiri, ambayo kwa kawaida ndiyo saa yangu ya kunyoosha mgongo, ilipita bila mimi kuisikia. Nilitoka saa kumi na moja nikiwa na ritani iliyokamilika.

Dada wa kaunta alinirudishia simu.

"Bosi amepiga mara saba. Nimemwambia umetoka."

"Alikuwa anataka nini?"

"Anauliza kama umeshamaliza."